Mlonge: Jani ni Mboga, Mzizi ni Dawa Kali

Je, ni kweli mlonge hutibu magonjwa 300? Swali hili huulizwa sokoni Malindi, huulizwa kwenye mabenchi ya zahanati za Ganze na Kaloleni, na hurudi kila mtu anapoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ana presha au sukari. Idadi hiyo imeandikwa kwenye makopo na karatasi za matangazo mara nyingi hata wengi huichukua kuwa jambo lililopimwa.

Jibu fupi ni hapana. Hakuna mmea uliopimwa ukaonekana kutibu magonjwa 300. Jibu refu lina faida zaidi kwa msomaji, kwa sababu mti huu hutoa vitu ambavyo havilingani kabisa: majani ambayo ni mboga, mbegu ambazo hutuliza maji machafu, na magome na mizizi ambayo ni dawa kali. Kadiri mtu anavyoshuka kutoka jani kwenda mzizi, ndivyo chakula kinavyopungua na hatari inavyoongezeka. Kwa hiyo anayesema "nimetumia mlonge" bado hajaeleza jambo. Ni lazima aseme ametumia sehemu gani, kiasi gani, kwa muda gani, na alikuwa na dawa gani nyingine mwilini.

Mti wenyewe

Mlonge huitwa pia mzunze, na miongoni mwa Wamijikenda wa Kilifi, pwani ya Kenya, hujulikana zaidi kama mzungi au mzungwi. Jina lake la kisayansi ni *Moringa oleifera*. Asili yake ni vilima vilivyo chini ya milima ya Himalaya, kaskazini-magharibi mwa India, na leo umeenea karibu kila nchi yenye joto. Ndugu yake, *Moringa stenopetala*, huliwa sana na Wakonso wa kusini mwa Ethiopia, ambao hupanda miti hiyo mashambani mwao kama mboga ya kudumu.

Ni mti mwepesi wa gome la kijivujivu. Hukua haraka, na katika mwaka wa kwanza pekee unaweza kufikia mita 3 au zaidi. Kila tawi la jani hubeba vijani vidogo vya duara, laini, visivyo na meno pembeni. Maua yake ni meupe yanayoelekea rangi ya krimu, na matunda yake ni marefu kama vijiti, yenye pande tatu. Yakikauka hupasuka na kuachia mbegu zenye mabawa membamba.

Kuutambua mlonge si jambo dogo, kwa kuwa watu wasioijua miti huuchanganya na mwarobaini, ambao nao hupandwa uani kote pwani. Mwarobaini una vijani virefu vilivyochongoka na vyenye meno pembeni kama msumeno, na ladha yake ni chungu kupindukia. Mwarobaini si mboga. Anayechuma kwa mara ya kwanza aonyeshwe mti na mtu anayeupika.

Sababu ya mlonge kupendwa Kilifi inaanzia kwenye mvua. Ukanda wa baharini, kutoka Mtwapa hadi Malindi na Mambrui, hupata mvua ya kutosha katika miaka mizuri. Lakini kadiri mtu anavyoingia bara, kuelekea Bamba, Ganze na Marafa, mvua hupungua na mahindi hukauka mara kwa mara. Mlonge huvumilia ukame huo. Kipande cha tawi kikichomekwa ardhini wakati wa masika huota, na ndiyo maana miti hii huonekana mara nyingi ikiwa ua wa boma. Mchicha ukishakauka, mlonge bado una majani ya kuchumwa.

Jambo hili lina uzito wake. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Kaunti ya Kilifi watoto 37 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Hiyo ndiyo iliyokuwa idadi ya juu kuliko kaunti zote, na ni zaidi ya mara mbili ya wastani wa nchi, ambao ulikuwa 18. Mboga inayostahimili kiangazi katika kaunti kama hiyo ina thamani hata kabla haijaitwa dawa.

Jikoni: dawa ya kwanza ni sahani

Mapishi ya kawaida ni haya. Majani machanga huchumwa, kisha hupururwa kwa vidole ili vijiti vibaki mkononi, maana vijiti vikipikwa haviivi na hukereketa kooni. Majani huoshwa na kuchemshwa kidogo. Baadhi ya wapishi humwaga maji ya kwanza ili kupunguza uchungu. Pembeni hukaangwa kitunguu na nyanya, majani hutiwa, kisha huongezwa tui la pili. Mwisho hutiwa tui zito la kwanza, lile la kasimele, na sufuria huepuliwa mara tu linapochemka. Huliwa kwa sima, au wari kama wasemavyo Wagiriama. Wapo wanaochanganya na mchunga, mnavu au majani ya kunde.

Katika mapishi hayo mna hekima ambayo sayansi ya lishe imeieleza baadaye. Majani ya mlonge yana karotini, chembechembe za rangi ambazo mwili huzigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mwili. Karotini haiingii vizuri mwilini bila mafuta, na tui la nazi ndilo linaloleta mafuta hayo. Majani hayohayo yakichemshwa kwa maji matupu na chumvi humpa mlaji karotini pungufu.

Kwa upande wa madini ya chuma, yale yanayojenga damu, mambo mawili husaidia. La kwanza ni kupika, kwani moto hulegeza sehemu ya chuma iliyofungwa ndani ya jani. La pili ni kula pamoja na kitu chenye uchachu, kama ndimu au embe bichi, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kupita tumboni kuingia kwenye damu. Chai ya rangi inayonywewa papo kwa papo baada ya chakula hufanya kinyume: hushika chuma hicho na kukizuia. Mama mjamzito aliyeambiwa damu yake ni chache angoje saa moja au mbili kabla ya kunywa chai.

Je, sifa zinazotangazwa ni za kweli? Vipimo vya kawaida vya gramu 100 za majani mabichi, yaani kama bakuli kadhaa za majani yaliyopururwa, vinaonyesha yafuatayo:

- Protini: gramu 9 hivi. Kwa mboga ya majani, hiki ni kiwango cha juu sana.
- Kalisiamu, madini ya mifupa: miligramu 185 hivi. Maziwa ya ng'ombe yana 120 hivi kwa uzito huohuo. Mlonge unashinda, lakini si kwa mara nne kama matangazo yasemavyo.
- Madini ya chuma: miligramu 4 hivi, zaidi ya mchicha wa kizungu, yaani spinachi.
- Vitamini C: miligramu 52 hivi, karibu sawa na chungwa. Majani yakishachemshwa hubaki 31 hivi. Ile "mara saba ya chungwa" ya matangazo haitoki kwenye vipimo hivi.
- Potasiamu, madini yanayosaidia moyo na misuli: miligramu 337 hivi, karibu sawa na ndizi mbivu.

Matangazo mengi huchukua vipimo vya unga mkavu na kuvilinganisha na vyakula vibichi vyenye maji. Karibu asilimia 80 ya jani bichi ni maji. Likikaushwa, kila kilichobaki huonekana kikubwa. Tena hakuna anayekula gramu 100 za unga kwa siku. Kijiko kikubwa kimoja hubeba gramu 8 hivi, kwa hiyo idadi iliyoandikwa kwenye kopo ni lazima igawanywe kwa 12 ili kupata kinachoingia mwilini.

*Kwa ufupi: mboga ya mlonge ya nazi, ikiliwa mara kadhaa kwa wiki na ndimu pembeni, ni chakula bora kwa karibu kila mtu. Hiyo ndiyo faida ya mlonge iliyo na uhakika kuliko zote.*

Matumizi ya jadi, sehemu kwa sehemu

Tiba ya asili ya pwani haikuuchukulia mlonge kuwa dawa moja. Kila sehemu ilikuwa na kazi yake.

Majani. Supu ya majani hupewa mama aliyejifungua ili maziwa yashuke, na hupewa aliyetoka kuugua ili apate nguvu. Majani mabichi yaliyopondwa hubandikwa juu ya jipu au jeraha dogo. Maji yaliyochemshiwa majani hunywewa na wenye presha, sukari na maumivu ya viungo.

Maua. Hupikwa au hutiwa kwenye chai kwa ajili ya mafua na kikohozi. Matumizi yake ni machache.

Mbegu. Humenywa ganda na kutafunwa, kwa kawaida moja hadi tatu. Watu huzitumia kwa homa, presha na tumbo lililofunga. Zina ladha ya ajabu: utamu kidogo kwanza, kisha uchungu, na maji yanayonywewa baada yake huonekana matamu.

Magome. Huchemshwa kwa matatizo ya tumbo na maumivu, au hupondwa na kufungwa juu ya kiungo kilichovimba.

Mizizi. Ni kali na inawasha kama haradali. Hutumika kwa chango, yaani maumivu ya chini ya tumbo, na kwa kile kinachoitwa nguvu za kiume.

Mpangilio huu unaonyesha jambo ambalo biashara ya siku hizi imelisahau. Jani lilikuwa la kila mtu, na mama yeyote aliweza kulichuma. Gome na mzizi vilikuwa vya mtu anayejua kazi: mganga aliyechimba mwenyewe, akapika mwenyewe, akampa mgonjwa kwa siku chache na kwa maradhi maalumu, kisha akaikatisha dawa. Leo unga wa mizizi huweza kuuzwa ndani ya mfuko wa plastiki usio na maelezo, mnunuzi akaenda nao nyumbani na kuunywa mwezi mzima. Mti ni uleule, ila ule ulinzi uliokuwa pamoja nao umeondoka.

Sayansi imeona nini mpaka sasa

Dawa ya hospitali hupimwa kwa jaribio la kulinganisha: kundi moja la wagonjwa hupewa dawa, kundi lingine hupewa kitu kinachofanana nayo lakini kisicho na kazi, kisha matokeo hulinganishwa. Majaribio ya aina hiyo juu ya mlonge yapo, lakini mengi ni madogo na ya muda mfupi, na karibu yote yamehusu majani.

*Sukari.* Baadhi ya majaribio yaliyofanywa kwa unga wa majani, gramu 7 au 8 hivi kwa siku, yameonyesha sukari ya damu ikishuka kiasi. Mengine hayakuona tofauti kubwa. Hitimisho la haki ni kwamba jani linaweza kusaidia kidogo, lakini haliwezi kuchukua nafasi ya dawa.

*Presha na mafuta ya damu.* Katika maabara, na kwa wanyama, viambato vya jani vimeshusha presha. Kwa binadamu ushahidi bado ni mwembamba.

*Maziwa ya mama.* Nchini Ufilipino, ambako mlonge huitwa malunggay na hutiwa kwenye supu ya wazazi, majaribio machache yalionyesha kina mama waliopewa majani wakitoa maziwa mengi zaidi katika siku za mwanzo. Supu ya bibi wa Kigiriama na supu ya bibi wa Kifilipino zimekutana bila kuambiana. Hata hivyo, kinacholeta maziwa kuliko chochote ni mtoto kunyonya mara kwa mara na mama kula na kunywa vya kutosha.

*Vidonda.* Jani lina viini vinavyoua baadhi ya bakteria ndani ya chupa ya maabara. Lakini jani lililochumwa uani lina vumbi na vijidudu vyake, na likibandikwa kwenye jeraha lenye kina linaweza kuleta maambukizi mapya.

*Malaria.* Hapa pana hatari. Hakuna ushahidi kwamba jani, mbegu au mzizi wa mlonge unaponya malaria. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi, kilichoanzishwa mwaka 1989, kimechunguza malaria kali ya watoto kwa miongo kadhaa. Moja ya mambo yaliyoonekana wazi ni kwamba watoto wengi wanaokufa kwa malaria hufa ndani ya saa 24 tangu kufikishwa hospitalini, kwa sababu hufika wakiwa wamechelewa. Mtoto mwenye homa na degedege, ambayo baadhi ya familia huiita nyuni, hana saa za kusubiri mbegu au mafusho yafanye kazi. Anahitaji kupimwa damu na kupewa dawa mseto ya malaria, au sindano ikiwa amezidiwa.

Mbegu na maji ya tope

Kazi moja ya mbegu imethibitishwa vizuri kuliko tiba zake zote, nayo haihusu kumeza. Mbegu ya mlonge ina protini yenye chaji ya umeme inayovuta chembe za udongo. Ikitiwa kwenye maji ya tope, chembe hushikana, huwa nzito na huzama chini. Wanawake wa Sudan wametumia ujuzi huo kwa maji ya Mto Nile. Kwa wakazi wa kandokando ya Mto Sabaki, ambao maji yake huwa ya kahawia wakati wa mvua, na kwa wanaochota kwenye malambo ya bara, ujuzi huu unafaa.

Hatua zake ni hizi:

1. Chagua mbegu zilizokomaa na kukauka mtini. Menya ganda lake la nje na mabawa.
2. Twanga kiini mpaka kiwe unga laini. Kwa maji yenye tope jingi, mbegu moja hutosha lita moja. Kwa maji yenye tope kidogo, mbegu moja hutosha hata lita nne.
3. Koroga unga huo kwenye kikombe cha maji safi, kisha chuja kwa kitambaa.
4. Mimina maji hayo meupe kama maziwa kwenye ndoo ya maji ya tope. Koroga kwa haraka dakika moja, kisha polepole dakika tano hadi kumi.
5. Funika na uache bila kuguswa saa moja au zaidi.
6. Kinga maji ya juu kwa upole, ukiacha tope chini.
7. Chemsha maji hayo, au yatie dawa ya klorini, kabla ya kunywa.

Hatua ya 7 hairukwi. Tope linapozama huchukua bakteria wengi, pengine zaidi ya asilimia 90, lakini wanaobaki wanatosha kuleta kuhara au kipindupindu. Pia maji yaliyosafishwa kwa mbegu yasikae zaidi ya siku moja, kwa sababu mabaki ya mbegu ni chakula cha vijidudu na huwafanya wazaliane upya.

Tahadhari: nani aangalie nini

Kwanza, tofauti ya mboga na dawa. Sahani ya mlonge ni mboga. Unga wa kila siku, vidonge, mbegu za kutafuna na maji ya magome ni dawa, na vinapaswa kuhesabiwa kama dawa.

Wajawazito. Majani yaliyopikwa kama mboga ya kawaida yanaliwa na wajawazito wengi pwani. Lakini mizizi na magome ni marufuku kwao. Katika tiba za jadi za India sehemu hizo zilitumika kuharibu mimba, kwa kuwa huweza kusababisha mfuko wa uzazi kukaza. Vidonge na unga mwingi navyo viepukwe, na mbegu zisitafunwe.

Wenye sukari. Mtu anayemeza glibenklamidi au kujidunga insulini tayari ana dawa inayoshusha sukari. Akiongeza vijiko kadhaa vya unga wa mlonge asubuhi, na pengine akakosa chakula cha mchana, sukari inaweza kuporomoka. Dalili zake ni kutetemeka, jasho baridi, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa na hata kuzimia. Akiona dalili hizo na bado ana fahamu, anywe maji yenye sukari mara moja, kisha aende kituo cha afya.

Wenye presha. Unga au mbegu juu ya vidonge vya presha huweza kushusha presha kupita kiasi, mtu akapata kizunguzungu anaposimama. Hatari kubwa zaidi ni ile ya upande wa pili: mgonjwa anaacha vidonge kwa sababu "mlonge unatosha", presha inapanda kimya, na kinachofuata ni kiharusi. Presha ya juu mara nyingi haina maumivu, kwa hiyo kujisikia vizuri si kipimo.

Wanaotumia warfarini. Hii ni dawa ya kuzuia damu kuganda. Mlonge, kama mboga nyingine za majani ya kijani, una vitamini K ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Hawalazimiki kuacha mboga, bali wale kiasi kilekile kila wiki na wamweleze daktari.

Wenye matatizo ya tezi ya shingo. Wanaomeza levothairoksini wasianze unga wa mlonge bila ushauri, kwani unaweza kuvuruga kiwango cha dawa hiyo.

Wenye ugonjwa wa figo. Figo dhaifu hushindwa kutoa potasiamu ya ziada, na ikizidi huathiri mapigo ya moyo. Kiasi cha mboga kipangwe na daktari au mtaalamu wa lishe.

Wanaotumia ARV, dawa za virusi vya UKIMWI. Mboga haina tatizo na ni lishe nzuri. Unga na vidonge vya kila siku vitajwe kliniki, kwa sababu vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba huweza kugusa namna ini linavyovunja baadhi ya dawa. Mlonge hautibu virusi, na dawa haziachwi.

Watoto. Mboga iliyopondwa na kuchanganywa na uji au sima laini inafaa baada ya miezi 6. Mbegu, magome na mizizi visiguse kinywa cha mtoto.

Kila mtu: mzizi. Mzizi na gome lake vina alkaloidi, yaani kemikali za mimea zenye nguvu juu ya mishipa ya fahamu. Mojawapo, spirokini, kwa kiasi kikubwa huweza kupoozesha mishipa hiyo. Hakuna kipimo salama cha nyumbani kilichojulikana, kwa hiyo mzizi hauna nafasi jikoni.

Kila mtu: mbegu. Zaidi ya chache huleta kichefuchefu, kutapika na kuhara. Anayehara tayari asizitumie.

*Kwa ufupi: jani la sahani ni la karibu wote, unga na mbegu huhitaji kipimo na ushauri, gome na mzizi viachwe.*

Kukausha, kununua na kuhifadhi

Unga bora ni ule unaojulikana ulikotoka. Majani ya nyumbani huchumwa asubuhi, huoshwa kwa maji safi, hukung'utwa na kutandazwa kwa tabaka jembamba juu ya mkeka au chandarua safi, kivulini penye upepo. Jua kali huua sehemu kubwa ya karotini, ndiyo maana majani yaliyokaushwa juani huwa ya kahawia. Yakivunjika kwa vidole, baada ya siku tatu au nne, hutwangwa kwenye kinu, huchekechwa na kuwekwa kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, mbali na mwanga. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Unga ukishika madonge au ukitoa harufu ya uvundo, hutupwa, kwa sababu ukungu una sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa.

Miti iliyo kando ya barabara kuu, karibu na gereji au dampo la taka isichumwe, kwa kuwa mizizi huweza kuvuta metali hatari kutoka ardhini na kuzipandisha majanini.

Kwa anayenunua, maswali manne yanatosha:

- Je, pakiti inasema ni sehemu gani ya mti? "Unga wa mlonge" bila kutaja majani haununuliwi.
- Je, ina tarehe, na anwani ya mtengenezaji?
- Je, inadai kuponya saratani, sukari au UKIMWI? Dai la namna hiyo ni sababu tosha ya kuirudisha.
- Ikiwa inauzwa kama dawa, je, imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya?

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inatambua tiba ya asili kuwa sehemu ya huduma za afya nchini. Kutambuliwa huko kunampa mganga wajibu pamoja na heshima: aeleze anachotoa, na ajue wakati wa kumpeleka mgonjwa hospitali.

Wakati wa kuiacha sufuria na kwenda hospitali

Mlonge wa aina yoyote haungojewi ufanye kazi ikiwa kuna mojawapo ya haya:

- homa kwa mtoto mdogo au kwa mjamzito, hata kama ni ya siku moja;
- degedege, kupoteza fahamu, au kupumua kwa shida;
- damu kwenye kinyesi, matapishi au ukeni wakati wa ujauzito;
- udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda au ulimi kuwa mzito ghafla;
- kuhara kwingi na macho kubonyea;
- kidonda kinachotoa usaha, hasa cha mguu kwa mwenye sukari.

Anayefika kwa daktari akiwa amekwisha kutumia mlonge aseme wazi, bila haya. Daktari anahitaji mambo matatu: sehemu ya mti iliyotumika, kiasi kwa siku, na siku ya mwisho kutumiwa. Kwa anayesubiri upasuaji uliopangwa, unga na vidonge viachwe wiki mbili kabla, ili sukari na presha zisiyumbe akiwa mezani. Na kwa aliye mzima, asiye mjamzito, asiyetumia dawa yoyote, kipimo kinachotosha ni sahani ya mboga kama wapishi wa Kilifi wanavyoipika.